Mwisho Usiojulikana: Mvuto wa Riwaya za Kijasusi za Wakati wa Vita na Somo Lake kwa Uhakiki wa Riwaya Pendwa ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza chanzo cha mvuto wa riwaya za kijasusi zilizoandikwa wakati vita vikiendelea. Kwa kuzisoma kwa karibu The Thirty-Nine Steps (1915) ya John Buchan, Journey into Fear (1940) ya Eric Ambler na The Ministry of Fear (1943) ya Graham Greene, tunadai kwamba mvuto huo hautokani hasa na silaha, mbio wala ushujaa. Unatokana na hali ya mwandishi na msomaji wake wa kwanza kutojua vita vitaishaje. Hali hiyo huacha alama katika msuko, katika uchoraji wa adui na katika dhamiri ya mhusika mkuu. Mwishoni tunaonesha kwamba kigezo hiki kinatudai tuzisome upya riwaya za Elvis Musiba, ambazo zimezoeleka kupimwa kwa mizani ya James Bond, ilhali ziliandikwa katikati ya vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika.

1.0 Utangulizi

Katika madarasa yetu ya fasihi, mwanafunzi anayekiri kwamba alikesha akisoma riwaya ya kijasusi hukiri kwa haya. Hoja aliyofundishwa ni kwamba riwaya ya namna hiyo humburudisha msomaji kisha humwacha pale pale alipokuwa. Mgawanyo wa riwaya dhati na riwaya pendwa, ambao uhakiki wa Kiswahili umeutumia kwa muda mrefu, umeipa hoja hiyo nguvu ya kanuni. Taharuki imehesabiwa kuwa chambo, na asomaye kwa ajili ya taharuki amehesabiwa kuwa samaki.

Hatukusudii kuutetea utanzu mzima. Zipo riwaya nyingi za kijasusi zisizostahili kusomwa mara ya pili, na nyingine zisizostahili hata mara ya kwanza. Hata hivyo, kuna kundi moja ambalo limeendelea kuchapishwa na kusomwa baada ya vita vilivyolizaa kumalizika: riwaya zilizoandikwa ama Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vikipiganwa, ama vile vya Pili. Swali letu ni jepesi kuuliza: kwa nini zinavutia hadi leo? Jibu la kawaida ni kwamba zina visa vya kusisimua. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa visa vya kusisimua zaidi vimeandikwa baadaye na vimesahauliwa mapema zaidi.

2.0 Mpelelezi na Jasusi: Suala la Istilahi

Kiswahili kinatupa msaada ambao si kila lugha inao. Neno mpelelezi hutumika kwa mtu anayechunguza jinai iliyokwisha kutendeka na pia kwa mtu anayetumwa kuchungulia siri za adui. Neno jasusi, lililotoka katika Kiarabu kwenye mzizi wenye maana ya kupapasa na kutafiti, limebanwa katika maana ya pili. Katika masimulizi mengi maneno haya mawili hugawana si kazi tu bali na maadili: mtu wetu ni mpelelezi, mtu wao ni jasusi. Kweli, matumizi ya Kenya yamelisafisha neno ujasusi kiasi cha kuliweka katika jina la idara ya serikali, na mitaani Tanzania kuna shushushu, asiye wetu wala wao bali wa kuogopwa tu. Hata hivyo, mwelekeo wa jumla wabaki.

Tofauti hii ina maana kwa nadharia ya utanzu. Bwana Msa, aliyeasisiwa na Mohamed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ni mpelelezi wa aina ya kwanza. Maiti imekwishapatikana, tendo limekwishapita, na kazi yake ni kulifasiri. Msomaji wake hutazama nyuma. Riwaya ya kijasusi hutazama mbele: jambo baya halijatokea bado, na huenda likatokea kesho iwapo ujumbe hautafika. Riwaya ya jinai huuliza nani alitenda; riwaya ya kijasusi huuliza je, tutawahi? Swali la kwanza huwa na jibu tangu ukurasa wa kwanza, ingawa limefichwa. Swali la pili, inapokuwa vita halisi vinaendelea nje ya kitabu, halina jibu popote, hata kichwani mwa mwandishi.

3.0 Adui Anayefanana na Jirani

Buchan aliianza The Thirty-Nine Steps mwaka 1914 akiwa mgonjwa, na ilitoka mwaka 1915, wakati Uingereza imekwishazama vitani. Mhusika mkuu, Richard Hannay, anakutwa na maiti ya mtu aliyempa hifadhi nyumbani kwake London. Anawakimbia polisi na majasusi wa Ujerumani hadi kwenye nyika za Uskoti, kisha anarudi kuzuia siri za ulinzi wa taifa zisivushwe baharini. Mbio hizo ndizo zinazokumbukwa na wengi. Sisi tunadhani moyo wa riwaya umo katika sura ya mwisho, ambamo karibu hakuna mbio kabisa.

Hannay anafika kwenye nyumba ya ufukweni ambamo anaamini majasusi wamejificha. Anawakuta mabwana watatu wa Kiingereza wa tabaka la kati, wametoka kucheza tenisi, wanajiandaa kwa chakula cha jioni. Anapowatuhumu, wanashangaa kama ambavyo mtu yeyote asiye na hatia angeshangaa. Anaanza kujitilia shaka mwenyewe. Anakaribishwa kucheza karata, naye anakaa mezani akiwa ameduwaa, hadi mmoja wao anapogonga goti lake kwa vidole kwa namna ambayo Hannay aliwahi kuiona huko nyikani. Pazia linaanguka kwa kitendo kidogo kuliko vyote ambavyo riwaya imetuonesha.

Ni wazi kwa nini msomaji wa 1915 alitetemeka. Aliambiwa kwamba adui si zimwi lenye pembe, bali ni jirani mwenye bustani nzuri. Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Mapema katika riwaya Hannay anakumbuka fundisho la rafiki yake wa Kiafrikana, Peter Pienaar, kwamba kujigeuza si suala la ndevu za bandia. Anayejigeuza sharti awe kile anachojifanya na kuyaishi mazingira yake. Hannay mwenyewe hupona kwa fundisho hilo anapojifanya mtengeneza barabara. Kwa hiyo adui na shujaa wanaishi kwa sanaa moja, na kinachowatenganisha ni upande tu. Msomaji aliyetaka kuhakikishiwa kwamba “sisi” na “wao” ni viumbe tofauti anaondoka bila uhakika huo. Mvuto wa sura hii ni mvuto wa hofu iliyotajwa kwa jina lake.

4.0 Mtu wa Kawaida na Thamani ya Wiki Chache

Ambler alipunguza ushujaa hadi karibu na sifuri. Graham, mhusika mkuu wa Journey into Fear, ni mhandisi wa kampuni ya silaha ambaye amekwenda Uturuki kikazi na anatamani kurudi kwa mkewe. Anapopigwa risasi katika chumba chake cha hoteli Istanbul anadhani ni mwizi. Kanali Haki, mkuu wa polisi wa siri, ndiye anayemfahamisha kwamba Wajerumani wanataka afe kwa sababu kifo chake kitachelewesha mpango wa silaha wa Uturuki. Anapandishwa kwenye meli ndogo iendayo Italia, na huko anagundua kwamba mwuaji wake ni abiria mwenzake.

Tazama jinsi Ambler anavyoipima thamani ya maisha. Graham hana siri itakayobadili dunia. Thamani yake ni muda: wiki kadhaa ambazo mhandisi mwingine angehitaji kuianza upya kazi yake. Kwa sababu hiyo jasusi wa Kijerumani anaweza kumpendekezea, kwa adabu kabisa, kwamba badala ya kuuawa ajifanye mgonjwa na kufichwa hadi muda huo upite. Hapa vita vimeondolewa kwenye uwanja wa mapambano na kuwekwa kwenye kalenda, na mtu amegeuzwa idadi ya siku. Mfanyakazi yeyote wa kawaida wa mwaka 1940, aliyeanza kuhesabiwa kwa kadi za mgao na orodha za jeshi, alijitambua humo.

Kuna jambo jingine ambalo Ambler hakuweza kulipanga. Safari ya Graham inaelekea Genoa, na bandari ya Italia ndiyo matumaini yake kwa kuwa Italia haijaingia vitani. Riwaya ilitoka mwaka 1940. Mwezi Juni mwaka huo huo Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani. Msomaji wa leo anamwona Graham akikimbilia usalama ambao historia iko karibu kuufuta, na anajua kwamba aliyeandika hakuwa na njia ya kujua. Hiyo ni kejeli isiyotungwa na mtu. Yapo maandishi machache yanayotuwezesha kumhurumia mhusika na mwandishi wake kwa pumzi moja.

Hapa ndipo pingamizi kuu dhidi ya hoja yetu linapojibiwa. Msomaji anaweza kusema: sisi tunajua vita viliishaje, kwa hiyo kutojua kwa mwandishi kunatuhusu nini? Kunatuhusu kwa sababu kutojua huko kumo ndani ya matini. Linganisha na Eye of the Needle (1978) ya Ken Follett, riwaya yenye ufundi mkubwa inayomhusu jasusi wa Kijerumani anayejaribu kuvusha siri za uvamizi wa Normandy. Follett anajua, nasi tunajua, kwamba uvamizi ulifaulu mwaka 1944. Taharuki yake ni ya jinsi gani, si ya kama. Katika riwaya ya wakati wa vita, kila hitimisho ni la muda. Graham akipona, amepona safari moja. Vita bado viko pale pale.

5.0 Keki, Mabomu na Dhamiri

Greene aliiandika The Ministry of Fear akiwa Freetown, Sierra Leone, ambako alikuwa mtumishi wa idara ya ujasusi ya Uingereza. Riwaya inayohusu mabomu ya London iliandikwa, basi, katika bandari ya Afrika Magharibi na mtu ambaye ujasusi ulikuwa kazi yake ya mchana. Labda ndiyo maana haina fahari yoyote kuhusu kazi hiyo.

Arthur Rowe anaingia kwenye tamasha la hisani, anaambiwa kimakosa neno la siri lililokusudiwa mtu mwingine, na anashinda keki iliyotengenezwa kwa mayai halisi. Katika mji wa mgao keki hiyo peke yake ni tukio. Ndani yake, hata hivyo, mna filamu ndogo ya siri za taifa. Upuuzi wa mwanzo huu ni wa makusudi: katika mji ambamo nyumba ya jirani inaweza isiwepo asubuhi, mpaka kati ya jambo la kipuuzi na jambo la kufisha umekwisha kufutika.

Rowe anabeba jambo zito kuliko siri hiyo. Alimwua mkewe aliyekuwa mgonjwa, kwa huruma, na hajui kama huruma ilikuwa kwa mke au kwa nafsi yake. Bomu linapomfuta kumbukumbu anakuwa mtu mwenye furaha katika zahanati inayoongozwa na maadui. Anaporudishiwa kumbukumbu anarudishiwa na hatia. Mwishoni yeye na Anna, mkimbizi anayempenda, wanaanza maisha ambamo kila mmoja atamficha mwenzake anachokijua, ili asimuumize. Wizara ya hofu inayotajwa katika anwani haikuangamizwa pamoja na majasusi, imehamia nyumbani. Greene anatuonesha kwamba silaha za jasusi, yaani siri, kujifanya na kuchunga ulimi, ndizo pia vyombo vya upendo wa watu wazima. Hakuna fundisho hapa lililo jepesi, na hakuna msomaji makini atakayesema kwamba riwaya hii inamwacha pale pale ilipomkuta.

6.0 Gharama ya Kuandika Vitani

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Mwandishi aliye vitani ana upande, na upande hupofusha. Buchan aliongoza Idara ya Habari ya serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 1917, na mpaka kati ya riwaya zake na propaganda ni mwembamba. Njama ya dunia inayosimuliwa mwanzoni mwa The Thirty-Nine Steps imejengwa juu ya chuki dhidi ya Wayahudi. Riwaya baadaye inaiweka kando nadharia hiyo kupitia kauli ya mhusika mwingine, lakini haiioni haya.

Kwa msomaji wa Afrika lipo jambo la karibu zaidi. Hannay anapoingia London mwanzoni mwa riwaya ametokea Rhodesia, ambako amejipatia mali katika shughuli za migodi. Ujuzi wake wote wa kujificha, kufuata nyayo na kusoma ardhi ameupata kusini mwa Afrika. Watu ambao ardhi hiyo ni yao hawana sauti katika riwaya. Uhuru ambao Hannay anautetea kwa ujasiri huko ufukweni ulijengwa juu ya kunyimwa uhuru kwa wengine, na Buchan hakuuona utata huo. Kuvutiwa na riwaya hakutuondolei wajibu wa kuliona hili. Kwa kweli, ni mvuto wenyewe unaoufanya wajibu huo kuwa wa lazima.

7.0 Kutoka Rhodesia hadi Dar es Salaam

Ni hapa ambapo njia inageukia kwetu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekewa makao yake Dar es Salaam mwaka 1963. Kwa zaidi ya miongo miwili mji huo ulikuwa nyuma ya mstari wa mbele: ofisi za vyama vya ukombozi, wakimbizi, wajumbe, na bila shaka masikio ya adui. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa mjini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Mkazi wa Dar es Salaam hakuhitaji kuhadithiwa kwamba vita vinaweza kufika kwa njia ya posta.

Elvis Musiba alichapisha Kufa na Kupona mwaka 1974, riwaya ambayo msuko wake unazunguka nyaraka za siri za wapigania uhuru. Kikosi cha Kisasi (1979) inampeleka Willy Gamba Kinshasa, dhidi ya kundi linalowaua wapigania uhuru. Tuziweke tarehe hizi mahali pake. Msumbiji ilipata uhuru Juni 1975, Zimbabwe Aprili 1980, Namibia 1990, na uchaguzi wa watu wote Afrika Kusini ulifanyika 1994. Musiba aliandika pasipo kujua. Msomaji aliyekinunua kitabu chake mwaka 1979 alikuwa katika hali ile ile ya msomaji wa Ambler mwaka 1940: akifunga kitabu, vita vilikuwa vinaendelea.

Hata hivyo imekuwa desturi kumwita Willy Gamba mwigo wa James Bond. Mfanano upo, na haufichiki: ustadi wa silaha, mavazi, warembo, mkuu wa idara anayempigia simu. Lakini Bond, aliyezaliwa katika Casino Royale (1953), ni mtu wa taifa lililokwisha kushinda vita na linalopoteza himaya. Umberto Eco, katika uchambuzi wake wa mwaka 1965, alionesha kwamba raha ya riwaya za Fleming ni kama ya mchezo ambao hatua zake msomaji anazijua tayari. Anafurahia kuziona zikirudiwa. Kumpima Musiba kwa mizani hiyo ni kukiona kile alichokiazima na kutokiona kile alichokuwa nacho mwenyewe, yaani hatari halisi isiyo na mwisho uliokwisha kuandikwa. Na tukimweka Hannay kando ya Gamba, jambo linatokea ambalo hakuna mwandishi aliyelipanga: utanzu uliomtoa shujaa wake wa awali katika migodi ya Rhodesia umerudi, kwa Kiswahili, kuzipinga tawala za walowezi wa eneo lile lile.

Hatudai kwamba Musiba ni sawa na Greene. Katika riwaya zake mashaka yako duniani, hayako moyoni mwa shujaa. Msomaji hujiuliza nani ni msaliti; hajiulizi kamwe kama Gamba ana haki ya kuua. Wanawake wake mara nyingi ni ama chambo ama zawadi. Huenda vita vya ukombozi, ambavyo haki yake ilikuwa wazi kuliko vita vingi, viliacha nafasi ndogo ya mashaka ya aina ya Rowe. Hiyo ni sababu, lakini si utetezi kamili, kwa kuwa haki ya kusudi haimpi kila mtendaji usafi wa mikono. Hili ni tathmini linaloweza kujadiliwa. Tunachopinga ni kutojadili kabisa, kwa kisingizio kwamba kitabu ni pendwa.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kwamba riwaya bora za kijasusi za wakati wa vita zinavutia kwa sababu zinahifadhi kitu ambacho historia haiwezi kukihifadhi. Historia huanza na matokeo, kisha hurudi nyuma kutafuta sababu. Kwa hiyo kila kushindwa huonekana kulikuwa njiani tangu awali, na kila ushindi vilevile. Riwaya hizi zimetunza saa ile ambayo matokeo yalikuwa hayajapatikana, watu walipolazimika kutenda, kuamini na kusaliti gizani. Kugonga goti kwa vidole, wiki chache za mhandisi, keki ya mayai halisi: hivi ni vipimo vidogo vya giza hilo.

Kwa uhakiki wa Kiswahili yanafuata mambo mawili. La kwanza, tarehe ya kuandikwa iwe sehemu ya uchambuzi wa taharuki, isiachwe kwenye ukurasa wa hakimiliki. La pili, riwaya pendwa za miaka ya 1970 na 1980 zisomwe kama ushahidi wa jinsi wasomaji wa kawaida wa Afrika Mashariki walivyoviishi vita vya kusini bila kujua vitaishaje. Kizazi kilichozaliwa baada ya 1994 kinaujua mwisho huo kana kwamba ulikuwa wa lazima. Haukuwa wa lazima. Waliokesha na Willy Gamba kwenye mwanga wa kibatari walilijua hilo, na haya tuliyowafundisha watoto wao kuhusu kukesha huko tungefanya vyema kuyapunguza.